Mlango wa Protini: Jinsi Seli Inavyoanza Kuusoma Ujumbe wa Jeni

Matone mawili ya chanjo ya polio anayodondoshewa mtoto kinywani yana virusi hai vilivyopunguzwa makali. Virusi hivyo ni ndugu wa karibu sana wa virusi vinavyopooza watoto. Katika chanjo ya aina ya tatu iliyotayarishwa na Albert Sabin, kirusi cha chanjo kinatofautiana na kirusi kikali kilichokizaa kwa herufi chache tu, kati ya herufi zipatazo 7,400 za maandishi yake ya urithi. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba moja ya herufi hizo, iliyo nafasi ya 472, ina uzito wa pekee. Ikiwa ni U, kirusi ni dhaifu. Ikirudi kuwa C, kirusi hujipatia tena sehemu kubwa ya uwezo wake wa kushambulia seli za neva.

Jambo la kushangaza ni kwamba herufi hiyo ya 472 haielezi sehemu ya protini yoyote. Iko nyuma ya mahali ambapo maelezo ya protini huanza. Ni kana kwamba barua imebadilishwa maana kwa kuguswa bahasha yake, bila kuguswa hata neno moja lililoandikwa ndani. Yawezekanaje basi herufi ambayo haitafsiriwi iamue kama kirusi kitaumiza au hakitaumiza? Jibu limo katika hatua moja ya maisha ya seli ambayo vitabu vingi vya shule huipita kwa haraka, nayo ni mwanzo wa kutafsiri ujumbe wa jeni kuwa protini. Makala haya yanaeleza hatua hiyo, kwanza katika bakteria, kisha katika seli zenye kiini kama zile za mwanadamu, na mwisho yanarejea kwa kirusi cha polio.

1. UJUMBE, KIWANDA NA WACHUKUZI

Mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba maelezo ya kutengeneza protini yamehifadhiwa katika DNA. DNA yenyewe haiendi kiwandani. Nakala ya jeni moja, au ya jeni chache zilizo jirani, hutolewa kwa umbo la RNA. Nakala hiyo huitwa RNA-mjumbe, na kuwapo kwake kulithibitishwa mwaka 1961. Imeandikwa kwa herufi nne, yaani besi nne: adenini (A), guanini (G), sitosini (C) na urasili (U). Kama maandishi yoyote, ina upande wa kuanzia na upande wa kumalizia. Upande wa kuanzia huitwa ncha ya 5′, na wa kumalizia ncha ya 3′.

Kiwanda ni ribosomu. Kila ribosomu ina sehemu mbili, ndogo na kubwa, ambazo hukaa mbalimbali wakati hakuna kazi na kuungana wakati wa kazi. Katika bakteria sehemu ndogo huitwa 30S na kubwa 50S, na zikiungana huwa 70S. Katika seli zenye kiini sehemu hizo ni 40S na 60S, na zikiungana huwa 80S. Mwanafunzi asishangae kuona hesabu haijumliki. Herufi S ni kipimo cha mwendo wa kuzama kitu kinapozungushwa kwa kasi katika mashine, wala si kipimo cha uzito; na mwendo huo hutegemea umbo pia. Kazi imegawanywa vizuri: sehemu ndogo husoma ujumbe, na sehemu kubwa huunganisha asidi amino moja na nyingine.

Wachukuzi ni molekuli ndogo za RNA-chukuzi. Kila moja hubeba asidi amino upande mmoja, na upande wa pili ina herufi tatu zinazooana na herufi tatu za ujumbe: A huoana na U, na G huoana na C. Herufi tatu za ujumbe huitwa kodoni. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei, wakifanya kazi Marekani, waliweka katika mchanganyiko wa seli zilizopasuliwa RNA yenye herufi U peke yake, wakapata mnyororo wa asidi amino moja tu, finilalanini. Ndivyo ilivyojulikana kwamba UUU maana yake ni finilalanini. Katika miaka michache iliyofuata kodoni zote 64 zilijulikana: 61 hutaja asidi amino 20, na tatu zilizobaki, yaani UAA, UAG na UGA, huamuru mnyororo ukomeshwe.

2. KWA NINI MWANZO NI JAMBO ZITO

RNA-mjumbe haina nafasi tupu kati ya neno na neno. Herufi zimefuatana moja kwa moja, nayo ribosomu huzihesabu tatu tatu. Chukuliwe mfano wa sentensi ya Kiswahili yenye maneno ya herufi tatu tatu, iliyoandikwa bila kuacha nafasi:

ITAMTUAJEALEUJI

Msomaji akianzia herufi ya kwanza atasoma: ITA MTU AJE ALE UJI. Akikosea kwa herufi moja tu, atasoma: TAM TUA JEA LEU JI. Akikosea kwa mbili, atapata: AMT UAJ EAL EUJ I. Herufi ni zilezile na mpangilio ni uleule, lakini aliyeitwa hawezi kujua ameitiwa uji. Ribosomu iko katika hali hiyohiyo. Ikianza herufi moja kabla au baada ya mahali panapostahili, kila kodoni inayofuata itakuwa na maana nyingine, na aghalabu kodoni ya kukomesha itajitokeza mapema. Protini itakayopatikana itakuwa takataka, na nishati iliyotumika itakuwa imepotea bure. Hasara hiyo si ndogo, kwa kuwa kila asidi amino inayoongezwa katika mnyororo huigharimu seli nguvu ya vifungo vinne vya fosfati vyenye nishati kubwa.

Karibu protini zote huanza na kodoni AUG, ambayo hutaja asidi amino iitwayo methionini. Hapo ndipo ugumu unapozidi, maana AUG hutumika pia katikati ya ujumbe kutaja methionini ya kawaida. Kwa hiyo haitoshi ribosomu kuitambua AUG. Yapaswa itambue AUG ipi ni mlango na ipi ni chumba cha ndani tu.

Seli hutatua sehemu ya tatizo hili kwa kuwa na wachukuzi wawili wa methionini. Mmoja hutumika katika kuanza tu, na mwingine hutumika katikati tu. Katika bakteria yule wa kuanzia hutambulika kwa urahisi, kwa sababu methionini yake hupachikwa kikundi cha fomili. Jambo hili liligunduliwa mwaka 1964 na Kjeld Marcker na Frederick Sanger huko Cambridge. Katika saitoplazimu ya seli za mwanadamu methionini ya kuanzia haina fomili, lakini mchukuzi wake ana umbo la pekee linalomtofautisha na mwenzake.

Sehemu ya pili ya tatizo, yaani kuipata AUG iliyo mlango, hutatuliwa kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa.

3. NJIA YA BAKTERIA: KUSHUKA PENYE ALAMA

Mgeni anayekwenda kijijini kwa basi huweza kuambiwa, "Ukiuona mbuyu, shuka, nyumba ni hatua chache mbele yake." Bakteria hutumia maelekezo ya namna hiyo. Mwaka 1974 John Shine na Lynn Dalgarno, wakiwa Australia, walitambua kwamba karibu na mwisho wa RNA iliyo ndani ya sehemu ndogo ya ribosomu pana herufi CCUCC. Tena walitambua kwamba RNA-mjumbe za bakteria, herufi chache kabla ya AUG ya mwanzo, huwa na herufi zinazooana nazo, kama GGAGG au sehemu yake. Mwaka uliofuata Joan Steitz na Karen Jakes walithibitisha kwa majaribio kwamba RNA hizo mbili hushikana kweli. Zikishikana, AUG iliyo mbele kidogo hujikuta imekaa mahali hasa pa kusomewa.

Kazi hii husaidiwa na protini tatu ambazo hapa zitaitwa vianzishi. Kianzishi cha 3 huzuia sehemu kubwa isiungane na ndogo kabla ya wakati, na husaidia kuhakikisha kwamba mchukuzi aliyefika ndiye anayestahili. Kianzishi cha 1 huziba nafasi ambayo mchukuzi wa pili atakaa baadaye, ili mtu asiingie kabla ya zamu yake. Kianzishi cha 2, kikiwa kimeshika molekuli ya nishati iitwayo GTP, humkaribisha mchukuzi wa fomili-methionini na kisha huvuta sehemu kubwa ije kuungana. Hapo GTP hukatwa, vianzishi hutoka, na ribosomu kamili ya 70S hubaki tayari kuingiza asidi amino ya pili.

Njia hii ina faida mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba ujumbe mmoja waweza kuwa na milango kadhaa, kila mmoja ukiwa na alama yake; ndiyo maana jeni tatu za bakteria zinazoshughulikia sukari ya maziwa huandikwa katika ujumbe mmoja. Ya pili ni kwamba ribosomu haihitaji kungoja ujumbe umalizike kunakiliwa. Mara alama inapojitokeza, kazi huanza, huku upande wa pili wa ujumbe ungali unaandikwa. Kwa kiumbe ambacho huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 chakula kikiwa kingi, haraka hiyo ni uhai.

4. NJIA YA SELI ZENYE KIINI: KUTEMBEA KUTOKA MWANZO WA MTAA

Katika seli zenye kiini ujumbe huandikwa ndani ya kiini na kusomwa nje yake. Kabla ya kutoka hupambwa pande zote mbili. Kwenye ncha ya 5′ huvishwa kofia, ambayo ni guanini yenye kikundi cha methili, iliyounganishwa kinyume na kawaida. Kofia hii ilielezwa mwaka 1975. Kwenye ncha ya 3′ huongezwa mkia mrefu wa herufi A.

Hapa hakuna mbuyu wa kushukia. Mwaka 1978 Marilyn Kozak alipendekeza kwamba sehemu ndogo ya ribosomu huingilia kwenye kofia, kisha hutembea kando ya ujumbe kuelekea ncha ya 3′, ikikagua herufi, mpaka ikutane na AUG ya kwanza. Ni kama mtu anayeanzia mwanzo wa mtaa na kupita nyumba hadi nyumba akitafuta mlango wa rangi fulani. Pendekezo hilo limethibitishwa kwa wingi wa majaribio, nalo ndilo linaloeleza jinsi ujumbe mwingi wa seli zetu unavyoanza kusomwa. Hatua zake ni hizi:

(a) Kianzishi kiitwacho eIF2, kikiwa na GTP, humshika mchukuzi wa methionini ya kuanzia. Watatu hao hukaa kwenye sehemu ndogo ya 40S pamoja na vianzishi vingine, vikiwamo eIF1, eIF1A na eIF3. Hiki cha mwisho ni kikubwa mno; katika mwanadamu kimeundwa kwa protini 13.

(b) Wakati huohuo eIF4E huishika kofia. Kianzishi kingine, eIF4G, ni kama daraja: upande mmoja kimemshika eIF4E, upande mwingine eIF3 aliye kwenye ribosomu, na tena hushikana na protini iliyo kwenye mkia wa A. Kwa hiyo mwanzo na mwisho wa ujumbe hukaribiana, na seli hupata namna ya kujua kwamba ujumbe ni mzima. Kianzishi eIF4A hutumia nishati ya ATP kukunjua mahali ujumbe ulipojikunja.

(c) Sehemu ndogo hutembea, ikiwa tayari na mchukuzi wake. AUG ikioana na mchukuzi, eIF1, aliyekuwa mlinzi wa usahihi, huondoka. GTP iliyo kwenye eIF2 hukatwa na fosfati yake hutoka. Hapo mwendo husimama.

(d) Kianzishi eIF5B huileta sehemu kubwa ya 60S. Ribosomu ya 80S hukamilika, na kazi ya kuunganisha asidi amino huanza, kwa mwendo wa asidi amino tano au sita hivi kwa sekunde. Bakteria huweza kufikia 15 hadi 20.

Kozak aligundua jambo lingine la maana. Si kila AUG ya kwanza hukubaliwa. Herufi zilizoizunguka husaidia kuitambulisha. Mlango ulio bora huwa na A au G nafasi tatu kabla ya AUG, na G mara baada yake, kama katika GCCACCAUGG. Jirani zikiwa mbaya, baadhi ya ribosomu huipita AUG hiyo na kuendelea mbele. Uzito wa jirani hizo ulionekana katika ugonjwa wa kurithi wa damu uitwao thalasemia. Mwaka 1985 ulielezwa upungufu wa globini ya alfa uliotokana na kufutika kwa herufi mbili tu zilizotangulia AUG. Jeni ilikuwa nzima, AUG ilikuwapo, lakini mlango haukutambulika vizuri.

5. SWICHI YA MWANZO NA MTOTO MWENYE SAFURA

Kwa kuwa mwanzo ndio hatua inayoamua protini itengenezwe au isitengenezwe, hapo ndipo pia seli ilipoweka swichi zake. Swichi iliyochunguzwa zaidi iko kwenye eIF2. Baada ya kila mwanzo, eIF2 hubaki na GDP, yaani GTP iliyokwisha kutumika. Hakiwezi kufanya kazi tena mpaka kibadilishiwe GDP kwa GTP mpya, na kazi hiyo hufanywa na eIF2B. Seli ikiwa katika shida, vimeng'enya fulani huunganisha fosfati kwenye eIF2. Kikiwa na fosfati hiyo, eIF2 humng'ang'ania eIF2B asiweze kuhudumia wengine. Kwa kuwa eIF2B ni wachache, kutia fosfati sehemu ndogo tu ya eIF2 yatosha kupunguza utengenezaji wa protini katika seli nzima.

Mwanadamu ana vimeng'enya vinne vya namna hiyo. Kimoja huamka asidi amino zinapopungua, kingine protini zinapolundikana bila kukunjwa vizuri, cha tatu virusi vinapoingia, na cha nne huamka katika chembe nyekundu changa za damu wakati hemu inapopungua. Hemu ndiyo sehemu ya hemoglobini yenye madini ya chuma.

Chukuliwe mfano wa mtoto mwenye safura. Minyoo ya safura imeng'ang'ania utumbo wake na kunyonya damu, na kila siku chuma kinapotea. Katika uboho wa mifupa yake chembe changa zingali na ujumbe mwingi wa globini, lakini hemu ya kuunganisha na globini haitoshi. Kama ribosomu zingeendelea kama kawaida, globini isiyo na hemu ingeganda ndani ya chembe na kuiua. Kimeng'enya cha nne huliona pengo hilo na kufunga mlango kwa sehemu: globini hupunguzwa ilingane na hemu iliyopo. Matokeo yake ni chembe ndogo zenye rangi hafifu, ambazo mtaalamu wa maabara huziona katika darubini. Udogo wa chembe hizo, basi, ni alama ya upungufu wa chuma, na pia ni alama ya hifadhi. Chembe ndogo iliyo hai ni bora kuliko chembe kubwa iliyokufa. Dawa ya minyoo na chakula au vidonge vyenye chuma huleta hemu, na hemu huifungua swichi.

6. KIRUSI KINACHOINGIA KWA MLANGO WA NYUMA

Sasa yawezekana kurejea kwa kirusi cha polio. RNA ya kirusi hiki ni ujumbe uliokwisha kuwa tayari. Ikiingia katika seli, ribosomu huweza kuisoma mara moja. Lakini haina kofia. Kwa kanuni zilizoelezwa hapo juu ingepaswa kupuuzwa.

Kirusi hufanya mambo mawili. Kwanza, mojawapo ya protini zake za mwanzo ni mkasi unaomkata eIF4G. Daraja likikatwa, kipande kinachoshikana na kofia hutengana na kipande kinachoshikana na ribosomu. Ujumbe wa seli yenyewe hubaki na kofia zake, lakini kofia hizo hazifai kitu tena. Pili, kirusi kina njia yake. Kabla ya AUG yake pana herufi zipatazo 740 zilizojikunja katika maumbo ya pekee, na maumbo hayo hukishika kipande kilichobaki cha eIF4G na kuileta ribosomu ndani ya ujumbe bila kupitia kwenye kofia. Mlango huu wa ndani ulielezwa mwaka 1988 katika kirusi cha polio na katika kirusi jamaa yake. Adui huyu, kwa hiyo, hakujenga kiwanda chake. Ameng'oa lango la mbele la mwenyeji na kujifungulia la nyuma, kisha wafanyakazi wote wakawa wake.

Herufi ya 472 imo katika mikunjo hiyo. Inapokuwa C, mkunjo ni imara na ribosomu huletwa vizuri. Inapokuwa U, mkunjo hulegea, na tafsiri hupungua, hasa katika seli za neva. Katika utumbo kirusi cha chanjo huweza kuzaana kiasi cha kuufundisha mwili kinga, lakini katika uti wa mgongo hakifui dafu. Virusi vya chanjo vya aina ya kwanza na ya pili navyo vina badiliko katika eneo hilohilo, kwenye herufi ya 480 na ya 481. Fumbo la bahasha limefumbuka: herufi hiyo haielezi protini, lakini huamua kama protini itaanza.

Palipo na udhaifu wa herufi moja pana hatari ya kurudi nyuma. Kirusi hufanya makosa mengi katika kujinakili, na badiliko la U kuwa C huonekana upesi katika utumbo wa mtoto aliyechanjwa. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, kirusi hicho hakipati mtu wa kumwambukiza, nacho hutoweka. Mahali ambapo wengi hawakuchanjwa, huweza kuzunguka muda mrefu, kikakusanya mabadiliko mengine, na hatimaye kikapooza. Kosa basi si la mtoto kuchanjwa, ila la jirani zake kuachwa bila chanjo. Ikumbukwe kwamba mwaka 1988 polio ilikadiriwa kupooza watu 350,000 kwa mwaka duniani, na kwamba ni chanjo hizi zilizopunguza idadi ya wagonjwa wa virusi vya asili kwa zaidi ya asilimia 99.

Maarifa ya mwanzo wa tafsiri ndiyo yaliyowezesha kutengenezwa kwa chanjo mpya ya aina ya pili. Wataalamu waliuandika upya mkunjo unaohusika, ili badiliko la herufi moja lisitoshe tena kuurudishia nguvu. Walifanya pia marekebisho mengine katika maandishi ya kirusi. Shirika la Afya Duniani liliruhusu chanjo hiyo itumike kwa dharura mwezi Novemba 2020, na ikaanza kutumika mwaka 2021. Mwaka 2023, baada ya kirusi cha aina ya pili kilichotokana na chanjo kugunduliwa katika Mkoa wa Rukwa, watoto wa mkoa huo na wa mikoa mingine ya magharibi mwa Tanzania walipewa matone ya chanjo hiyo.

Maarifa hayohayo yalitumika katika chanjo za RNA dhidi ya UVIKO-19. RNA ya chanjo hizo huvishwa kofia, huwekewa AUG yenye jirani nzuri, na hupewa mkia wa A, ili ribosomu za mwili ziupokee kama ujumbe wa nyumbani. Katalin Karikó na Drew Weissman, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023, walionyesha kwamba kubadili kidogo umbo la herufi U kunaizuia RNA hiyo isiamshe ulinzi wa seli, ukiwamo ule unaotia fosfati kwenye eIF2 na kufunga mlango.

7. ZOEZI LA DARASANI

Vifaa: karatasi ya manila, mkasi, rula na kalamu. Kila kikundi kikate utepe mrefu na kuugawa katika miraba iliyo sawa, kisha kiandike ujumbe wowote kati ya hii miwili, herufi moja katika kila mraba. Kikate pia kipande cha karatasi chenye dirisha la upana wa miraba mitatu. Hicho ndicho ribosomu.

Ujumbe wa kwanza (wa bakteria): AUUAAGGAGGUAUAACCAUGGCUAAAUUCUAAGC

Ujumbe wa pili (wa seli yenye kiini, kofia iko kushoto, na hapa umeandikwa mwanzo wake tu): ACUUUAUGUCGCCACCAUGGCU

Wenye ujumbe wa kwanza watafute kwanza alama GGAGG, ndipo waweke dirisha kwenye AUG iliyo mbele yake. Wenye ujumbe wa pili waanzie kushoto na kusogeza dirisha mraba mmoja mmoja mpaka AUG ionekane. Baada ya kuipata, vikundi vyote visogeze dirisha miraba mitatu mitatu na kusoma kodoni. Mwalimu asisitize tofauti ya miendo hiyo miwili: kutafuta mlango ni kwa mraba mmoja mmoja, kusoma ni kwa miraba mitatu.

MASWALI

1. Katika ujumbe wa kwanza, pana herufi ngapi kati ya GGAGG na AUG? Taja asidi amino za protini itakayopatikana, kwa kutumia jedwali la kodoni.
2. Katika ujumbe wa pili pana AUG mbili. Ribosomu nyingi zitaanzia wapi, na kwa nini?
3. Je, AUG hizo mbili zimo katika mpango mmoja wa kusoma?
4. Ujumbe wa kwanza ukitiwa katika seli ya mwanadamu bila kofia, ni nini kinachotazamiwa?
5. Eleza kwa nini kumkata eIF4G huidhuru seli lakini hakukidhuru kirusi cha polio.

MAJIBU KWA UFUPI

1. Herufi saba, methionini, alanini, lisini, finilalanini, kisha kodoni ya kukomesha UAA. 2. Kwenye ya pili. Ya kwanza ina U nafasi tatu kabla yake na U mara baada yake, ilhali ya pili ina A na G mahali hapo. 3. La, kutoka A ya kwanza hadi A ya pili ni hatua 11, ambazo hazigawanyiki kwa tatu. 4. Hautasomwa vizuri, kwa kuwa ribosomu za saitoplazimu ya mwanadamu huingilia kwenye kofia wala hazitegemei alama ya GGAGG. 5. Ujumbe wa seli hutegemea daraja zima kutoka kwenye kofia hadi kwenye ribosomu. Kirusi hutumia kipande kilichobaki kupitia mlango wake wa ndani.